Mama hana mikono minne

Mtoto akipotea katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, swali la kwanza si amevaa nguo gani wala ameonekana wapi mara ya mwisho. Swali ni: "Kwani mama yake alikuwa wapi?" Muuza viatu analiuliza, kuli aliyeinamia robota la mitumba analiuliza, na jioni, habari ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, linaulizwa upya na watu wa Mwanza na Mtwara ambao Mtaa wa Kongo hawajawahi kuukanyaga. Jibu nalo limeshaandaliwa: akina mama wa siku hizi macho yako kwenye simu, na wakiona bei ya kutupa wanasahau kama wamekuja na mtu. Anayejiona mstaarabu zaidi huongeza kwa upole kwamba wiki ya sikukuu mtoto mdogo hana anachokifuata Kariakoo, aachwe nyumbani.

Rai hii imeenea mno hata watu hawaioni tena kuwa ni rai. Mimi naipinga. Inawaonea akina mama, na hilo peke yake lingetosha, lakini ninayo sababu kubwa zaidi: inamdhuru mtoto yuleyule ambaye inadai kumtetea. Inamfanya akae amepotea muda mrefu zaidi.

Tuanze na mkono. "Mshike mkono, usimwachie" ni agizo zuri kwa mtu anayevuka Msimbazi huku basi la mwendokasi linakuja. Ndani ya soko halitekelezeki, na anayelitoa ama hajawahi kununua kitu Kariakoo akiwa na watoto wawili, ama alinunua huku mtu mwingine amemshikia. Kiatu cha mtoto hakinunuliwi kwa kukadiria. Anakalishwa kwenye kigoda, ndala inavuliwa, mama anachuchumaa, anabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba aone kama pana nafasi ya mguu kukua. Kazi hiyo ni ya mikono miwili. Inapofanyika, mtoto wa pili ameshikwa na nani? Kisha kuna kulipa. Kama ni noti, ziko kwenye kipochi kilichofichwa ndani ya nguo kwa kuogopa vibaka, na kukitoa ni shughuli. Kama ni Lipa Namba, mkono mmoja unashika simu, mwingine unabonyeza namba ya siri na hapohapo unajitahidi kuikinga isionwe. Bado mfuko wa nguo alizokwisha kununua, bado mchanga aliye mgongoni ambaye ameanza kuteleza kwenye mbeleko. Soko zima linamtaka mteja awe na mikono miwili mitupu, halafu linamshangaa mama aliyeitumia.

Tena mkono wa mtoto si kamba. Waulize madaktari wa watoto: kiwiko cha aliye chini ya miaka mitano huteguka kirahisi akivutwa ghafla, kwa mfano na mzazi anayemwepusha na bodaboda. Kwa hiyo hata anayetii agizo kwa asilimia mia anaweza kuishia hospitali, na huko nako ataulizwa alikuwa anafanya nini.

Halafu kuna suala la kimo, ambalo watoa mawaidha hawalifikirii kwa kuwa wao ni warefu. Mtu mzima akiwa Mtaa wa Kongo anaona vichwa, mabango na magauni yaliyotundikwa. Mtoto wa miaka minne anaona mapaja na mifuko. Kwake yeye, mle sokoni, mama ni pindo la khanga, na khanga ya rangi ileile ikipita pembeni ataifuata kwa imani yote. Hakutoroka wala hakukaidi. Alimfuata mama, ila si wake. Au guta la mizigo linakuja, dereva anapiga ukelele "njia, njia", watu wanajibanza huku na huku, na likishapita waliokuwa pamoja wanajikuta pande mbili za mtaa. Malezi ya namna gani yatazuia hilo?

Kuhusu "aachwe nyumbani" sitasema mengi. Aachwe na nani? Mwenye dada wa kazi, au bibi anayeishi jirani, hana haja ya ushauri huu, alishamwacha. Anayeambiwa ni mama aliyepanga chumba kimoja Mbagala, ambaye akimfungia ndani mtoto wa miaka mitatu na moto ukawaka, ataulizwa swali lilelile kwa sauti kali zaidi.

Hoja inayopendwa kuliko zote ni ya zamani. "Sisi tumekulia Kariakoo hiihii, tumezurura hadi Gerezani na Mnazi Mmoja, na hatukupotea." Wazee wanaosema hivi nawaheshimu, na nawaamini. Ninachokataa ni sababu wanayoitoa, kwamba mama zao walikuwa makini kuliko mama wa leo. Kariakoo yao ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, ua nyuma, na mbele baraza. Juu ya baraza palikuwa na watu. Palikuwa na wacheza bao, muuza vitumbua, fundi cherehani, na bibi asiye na kazi yoyote isipokuwa kujua nani amepita na nani. Mtoto anayelia asingevuka baraza tatu bila kuulizwa ni mtoto wa nani, na mjumbe wa nyumba kumi alijulikana kwa jina na kwa mlango. Kisha, tangu biashara ilipolegezewa masharti katika miaka ya 1980, nyumba zile zikavunjwa moja baada ya nyingine. Ghorofa zikapanda, chini zikawa fremu na juu stoo. Wenyeji wengi wakahamia pembezoni. Leo mtaa umejaa watu kuliko wakati wowote, lakini karibu wote ni wapita njia: machinga anayesikilizia kama mgambo wanakuja, mfanyabiashara kutoka Lubumbashi au Lusaka anayehesabu mizigo yake, mteja wa mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo mtoto wa mwaka 1970 hakulindwa na mkono wa mama. Mama alikuwa nyumbani anapika. Alilindwa na macho ya watu waliokuwa na mahali pa kukaa na sababu ya kumjua. Mji ulipojijenga upya uliyafukuza macho hayo, na kazi yote watu hao waliyokuwa wakiifanya akatwishwa mtu mmoja aliyebeba mfuko. Sasa anapewa na somo kwamba bibi yake aliiweza.

Nilitaka kupita bila kuuliza baba alikuwa wapi. Lakini katika mazungumzo yote haya, mtaani na mitandaoni, sijasikia hata mara moja swali hilo likiulizwa, na nadhani msomaji ameshatambua kwamba wiki ya kununua nguo za sikukuu ndiyo wiki ambayo wanaume wa mji huu hupatwa na safari nyingi.

Turudi kwa mtoto, maana ndiye anayetuhusu. Mama anapogeuka na kukuta nafasi tupu, dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Mtoto bado yuko hatua chache, bado yuko mtaa uleule, waliomwona dakika hiyo bado wamesimama hapo. Sasa tazama mama anachofanya. Hapigi kelele. Anarudi kwenye fremu aliyotoka, anainama chini ya meza, anapita katikati ya magauni, anaita jina kwa sauti ya chini huku uso umejikaza. Anajua akipaza sauti tu, lile swali litamwangukia, na pengine mtu atatoa simu amrekodi. Anafikiria mume atakavyosema, mawifi watakavyosema. Anaomba ampate kabla mtu yeyote hajajua. Dakika tano zinakwisha hivyo, kisha kumi. Kituo cha Polisi cha Msimbazi kiko jirani kabisa, lakini kwake yeye hapo ni mahali pa kwenda mwisho, kwa sababu anahofia kuhojiwa kabla ya kusaidiwa.

Na mtoto naye yuko kimya. Ameambiwa mara nyingi kwamba akiachana na mama atachapwa, kwa hiyo kupotea kwake anakujua kama kosa, na mkosaji hujificha. Watu wenye kazi ya kutafuta waliopotea wanaijua vizuri tabia hii: mtoto mdogo huweza kujibanza mahali na asiitike hata akisikia jina lake. Basi mama kimya upande huu, mtoto kimya upande ule, na katikati yao spika kumi zinaimba elfu tano, elfu tano. Kelele zote za Kariakoo zinasikika isipokuwa hizo mbili zinazohitajika. Tuliozizima ni sisi, kwa lawama yetu. Mama asiyeogopa kuaibika angepiga ukelele sekunde ya kwanza, "Jamani, mtoto wangu, shati la njano, miaka minne!", na mtaa mzima ungegeuka. Kariakoo haina roho mbaya. Ikiambiwa, inasaidia.

Pia kuna hii amri ya kwamba mtoto asiongee na mtu asiyemjua. Tumeifundisha nyumbani na shuleni, na nia yake ni njema. Lakini ipeleke sokoni uone. Mtoto aliyepotea Kariakoo amezungukwa na maelfu ya watu, na hamjui hata mmoja. Ukimkataza kuzungumza nao, umemkataza kupatikana. Anachohitaji kufundishwa ni namna ya kumchagua mgeni wa kumwendea. Asimwendee mpita njia, bali mtu aliyekaa mahali pamoja na biashara yake: mwenye fremu, mama lishe mwenye masufuria yake, mwanamke mwenye watoto wengine. Mtu wa namna hiyo hawezi kutoweka naye bila kuacha mali yake. Na amkatalie yule anayekuja mwenyewe na pipi na kusema "twende, mama yako amenituma". Tofauti kati ya mgeni unayemchagua na mgeni anayekuchagua mtoto wa miaka mitano anaielewa, akielezwa taratibu na kufanyishwa mazoezi kwenye duka la mtaani kwao.

Aambiwe pia asimame alipo. Watoto wakubwa kidogo, wa miaka sita au saba, hukimbia kutafuta, na ndipo umbali unapozidi, kwa sababu wanaotafutana wote wawili wanapishana.

Halafu jina. Hapa adabu yetu inatuponza. Mtoto wetu hamwiti mzazi wake kwa jina, na watu wazima wanaozunguka nyumba nao hawamwiti; wanamwita Mama Zuhura. Basi muulize Zuhura aliyepotea mama yake anaitwa nani, atakujibu: Mama Zuhura. Unakaa wapi? "Kwa bibi." Naye akiita "mama!" katikati ya Mtaa wa Mchikichi, wanageuka wanawake arobaini na wote wanageukia shughuli zao, kila mmoja akihakikisha wake yupo. Si utovu wa adabu mtoto kujua majina matatu ya mama yake na ya baba yake, na mtaa wanaokaa. Namba ya simu ataishika ikifanywa wimbo. Mtoto anayejua tangazo zima la sabuni hashindwi na tarakimu kumi. Kwa asiyeweza kusema, iandikwe kwa kalamu mkononi au upande wa ndani wa shati. Namba tu, na jina liachwe, kwa kuwa mtu mbaya akilisoma jina atamwita nalo na mtoto atadhani anafahamika.

Kuna hofu nyingine ambayo haizungumzwi, ya wanaume. Mwanamume akimwona mtoto wa mtu analia peke yake mitaa ya Kariakoo, moyo wake unataka kumsaidia na miguu yake inakataa. Akimshika mkono tu akaanza kutembea naye, apige ukelele mtu mmoja "mwizi wa watoto!", na habari za utekaji zilivyowajaa watu vichwani, hatafika mbali akiwa mzima. Kwa hiyo anapita. Simlaumu. Dawa yake ni kumpa utaratibu unaojulikana na wote: usimhamishe mtoto, chuchumaa alipo, mwite mwenye fremu ya karibu na mtu wa tatu, kisha utangaze kwa sauti kwamba yupo mtoto hapa. Anayetangaza hawezi kudhaniwa anaiba. Pale ambapo mzazi hatokei, ipo polisi, na ipo Huduma ya Simu kwa Mtoto, 116, ambayo kupiga ni bure.

Badala ya utaratibu huo tunajivunia kupiga picha. Mtoto analia, mtu anamsimamisha ukutani, anampiga picha, "sambaza mpaka imfikie mama yake". Picha inafika Mbeya wakati mama yuko mitaa miwili kutoka hapo, simu imekwisha chaji. Mtoto anapatikana jioni hiyohiyo, lakini picha haipatikani tena. Itazunguka miaka, na kila mwenye nia mbaya sasa anajua sura yake, nguo zake na kwamba ni mtoto anayeweza kupotea. Sauti moja yenye nguvu pale mtaani ingefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Na sauti zipo! Mtu aliyekwenda maonyesho ya Sabasaba siku yenye watu wengi anajua mtoto aliyepotea anavyotangazwa kwenye vipaza sauti vya uwanja. Misikiti ya Pwani imefanya kazi hii siku nyingi, na Kariakoo yenyewe ina Manyema, ina Mtoro, ina Idrisa. Kule Prayagraj, India, mji uliokuwa ukiitwa Allahabad, kwenye mkusanyiko wa mahujaji, Raja Ram Tiwari alianzisha kambi ya waliopotea mwaka 1946, na imeendelea kuwaunganisha watu na jamaa zao tangu hapo. Mambo hayo hayakusubiri kompyuta.

Wenye kusema kwamba hiyo ni kazi ya mzazi, si ya soko, ningependa wakumbuke Adam Walsh. Mwaka 1981, katika mji wa Hollywood, Florida, alipotea dukani akiwa na miaka sita, na mama yake alikuwa ndani ya duka lilelile akitafuta taa. Aliuawa. Wamarekani wangeweza kumaliza jambo hilo kwa kumhukumu mama, na hapana shaka wapo waliofanya hivyo. Lakini mwaka 1994 maduka ya Walmart yalianzisha utaratibu wenye jina la mtoto huyo, Code Adam, unaowabana wafanyakazi: mtoto akiripotiwa kupotea, sifa zake zinatangazwa duka zima, milango inawekewa watu, kazi za kawaida zinasimama ili atafutwe, na asipopatikana katika dakika kumi polisi wanaitwa. Kariakoo haina milango ya kuweka watu, kwa hiyo kuuiga mzimamzima ni kujidanganya. Maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi yenye milango, walinzi na kamera hayana udhuru huo. Jambo la kujifunza ni kwamba aliyepangiwa kazi ni mwenye duka.

Kwetu mwenye duka ni nani? Kariakoo ina Shirika lake la Masoko, lililoundwa kwa sheria mwaka 1974 wakati jengo lile la Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege, likijengwa. Ina halmashauri ya jiji inayokusanya ushuru, ina viongozi wa wafanyabiashara na wa machinga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lao, na haisemi kwamba wajibu huo unasimama siku za sikukuu.  Kinachodaiwa ni meza, kivuli, kipaza sauti na daftari, pembeni mwa Msimbazi, mahali pasipobadilika, na bango ambalo hata asiyejua kusoma atalitambua. Spika za "elfu tano" ziruhusiwe kwa sharti moja: tangazo la mtoto likitoka, zinazimwa. Na wanaotangaza wafundishwe kuacha kitu kimoja wasikitaje, rangi ya viatu au kovu la goti, ili anayekuja kumdai akitaje yeye.

Nitaambiwa kwamba ukiweka meza kama hiyo wazazi watabweteka, watawaacha watoto wazurure kwa kuwa yupo wa kuwaokota. Sijawahi kumwona mtu anayechoma nyumba yake kwa kuwa zimamoto wapo. Lakini aliye na hofu hiyo aende akasimame Kongo saa kumi jioni, siku mbili kabla ya Idi, amtazame usoni mama anayemtafuta wake, kisha arudi aniambie ameona nani aliyebweteka.

Kazi ya meza hiyo inaweza kuanza kumi la mwisho la Ramadhani, iendelee wiki ya Krismasi na siku zile za Januari za sare na madaftari, ambazo kwa msongamano hazizidiwi na Idi. Na kwenye meza ile asikae mwenye sare peke yake. Akae na mama lishe wa mtaa uleule, alipwe posho ya siku, kwa kuwa mtoto atamkimbilia yeye kwanza, na mama aliyepotelewa hataogopa kumsogelea.